Benchi la Akiba

Siku Fundi Sofa alipompiga mtu asiyemjua, walioshuhudia walikubaliana upesi juu ya mambo yote isipokuwa moja. Walikubaliana kwamba ilikuwa saa kumi na nusu jioni, mbele ya duka la vioo. Walikubaliana kwamba silaha ilikuwa mkebe wa chakula, wa chuma, wenye mfuniko wa kubana. Walikubaliana pia kwamba aliyepigwa alikuwa mwanamume wa makamo mwenye suti ya kahawia, amebeba tarumbeta ndani ya mfuko wake, na kwamba alichofanya ni kumsogelea Fundi na kuuliza kwa adabu zote, "Samahani ndugu yangu, saa ngapi sasa?" Sababu ndiyo iliyowashinda.

"Kamwibia," alisema mwenye duka la vioo.

"Kamwibia nini? Mtu mwenyewe kauliza saa tu."

"Basi kamtukania mama yake. Mtu hapigwi hivi hivi bwana, tusidanganyane."

Msichana mmoja aliyeona mambo tangu mwanzo alisema hakukuwa na wizi wala tusi. Akaambiwa hakuona vizuri. Watu hupenda kipigo kiwe na sababu, maana kipigo chenye sababu unaweza kukiepuka: usiibe, usitukane, nenda zako nyumbani. Kipigo cha bure kinaweza kumfikia hata mwenye duka la vioo, na mwenye duka hakutaka kabisa kulala na wazo hilo.

Mpiga tarumbeta alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, meno yake mawili ya mbele yako ndani ya leso. Hakulia, hakutukana. Alimtazama Fundi kutoka chini akauliza, "Nimekukosea nini?" Fundi alifungua mdomo, akautazama mkebe uliobonyea kama anayetaka kujua ni wa nani, akaufunga mdomo. Askari walifika mara moja, kwa sababu kituo kilikuwa mtaa wa pili na siku hiyo hakukuwa na mpira.

*

Habari mbaya haihitaji nauli. Kabla Fundi hajavuliwa mkanda kituoni, mkewe alikuwa amekwisha kuambiwa na majirani watatu, kila mmoja akiwa na idadi yake ya meno. Alikuwa anachambua mchele. Aliusukuma ungo kando, na kilichomjia kwanza hakikuwa huruma, kilikuwa aibu. Miezi kumi na moja sasa alikuwa anatamba mtaani kwamba mumewe amepandishwa cheo. Mwenyewe aliona kwa macho: zamani mwanamume alirudi na nyuzi kwenye nywele na vumbi la sponji masikioni, siku hizi anarudi na shati safi kama alivyoondoka. Atakuwa msimamizi tu huyo. Alimuuliza mara moja, mume akasema, "Kazi imebadilika," akaomba maji ya kuoga. Mke hakutaka ushahidi zaidi ya huo.

"Mwanangu amechezewa," alisema mama yake Fundi, bibi wa miaka sabini na mbili aliyekaa nao chumba cha pili. "Mtoto niliyemzaa mimi hata kuku hachinji. Anatafuta mtu wa kumchinjia."

"Mama, hayo ya kuchezewa mahakama haiyatambui," alisema kaka yake mke, ambaye mtaa mzima walimwita Wakili. Alikuwa amefagia ofisi ya mawakili kwa miaka minne, akaondoka na msamiati. "Tunachohitaji ni nia. Kosa lisilo na nia ni wazimu, na mwendawazimu hafungwi, anatibiwa. Lakini akitibiwa, kiwanda hakimtaki tena. Kwa hiyo lazima tupate nia, lakini nia nzuri."

"Nia nzuri ya kumng'oa mtu meno?" aliuliza mke.

"Ndiyo kazi ya sheria, dada."

Wakaenda kituoni wote watatu, jua bado lipo. Sajini wa zamu alikuwa mnene mpole, amekalia kiti kilichopasuka katikati, sponji imechungulia nje, na kila alipogeuka springi ililalamika. Mbele yake palikuwa na fomu. Alikuwa ameijaza yote kwa mwandiko mzuri, imebaki nafasi moja.

"Hapa," alisema, akigonga kwa kalamu. "Sababu ya tendo. Nimemuuliza saa nzima. Ananitazama kiti."

Na kweli, Fundi aliyeletwa mbele yao hakumwangalia mama yake wala mkewe. Macho yalikuwa kwenye kiti cha Sajini.

"Baba, umepatwa na nini?" mama yake aliuliza.

"Sijui, mama."

"Huyo mtu unamjua?"

"Simjui."

"Afande," Wakili akaingilia, "naomba iandikwe kwamba mteja wangu anatafakari."

Sajini alieleza, bila ubaya wowote, kwamba faili litakwenda mahakamani Ijumaa asubuhi. Aliyepigwa akifuta malalamiko kabla ya Alhamisi jioni, yamekwisha. Asipofuta, ni kifungo. Hapo ndipo Fundi aliposhtuka na kumshika mkewe mkono kupitia juu ya meza.

"Leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Kesho saa moja kamili nenda kiwandani. Mwambie karani wewe ni mtu wa namba kumi na saba. Ukae."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae. Basi."

Kisha akamweleza, kwa sauti ndogo, mambo ambayo hakuwa ameyasema miezi kumi na moja. Kiwanda kilianza kuagiza viti vya plastiki. Washona sofa kumi na tisa hawakufukuzwa, la hasha. Waliwekwa akiba. Kila siku saa moja wanasaini daftari, wanakaa kwenye mabenchi ya ukumbini mpaka saa kumi, wakingoja kuitwa. Anayekosa siku moja anahesabiwa amejiachisha kazi mwenyewe, na aliyejiachisha mwenyewe hana kiinua mgongo. Yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili pale.

"Hakuna aliyewahi kuitwa?" mke aliuliza.

"Mmoja. Aliitwa kwenda kupokea barua ya kuambiwa aendelee kungoja."

Mke aliondoa mkono wake. Alikuwa na hasira kiasi kwamba angeweza kumpiga yeye, lakini Sajini alikuwa anawatazama.

*

Karani wa daftari alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likaogopa kujikunja. Alimtazama yule mwanamke, akatazama orodha, akafungua kitabu cha kanuni. Kanuni ilisema nafasi isiwe wazi. Haikusema nani aikalie. Karani alikuwa mtu wa kanuni, hivyo akampa kalamu.

Ukumbi ulikuwa msafi, wenye ubaridi. Mabenchi yalikuwa ya ngozi, yameshonwa vizuri, vifungo vimekaa mstari mmoja. Mke alipitisha kidole kwenye mshono akamtambua mumewe. Mbele yao kulikuwa na saa kubwa ya ukutani, mlango wa lifti, na maandishi ya rangi ya dhahabu: SUBIRA HUVUTA HERI. Upande wa pili wafanyakazi wa ofisini walipita na mafaili, wakawa wanakunja kona mapema kidogo ili wasiwaguse magoti.

Baada ya nusu saa alitoa kwenye mkoba shati la mumewe na sindano, aweke vifungo. Karani alifika mbio.

"Mama, hapa ni mahali pa kazi."

"Ndiyo nataka kufanya kazi."

"Hiyo ni kazi yako. Wageni wakipita watadhani hawa hawana la kufanya."

Akachukua sindano, akampa risiti.

Aliyekaa pembeni yake, mzee aliyeitwa Gundi kwa sababu alikuwa amegandisha mbao miaka ishirini na saba, alicheka bila sauti. "Usiitazame saa, mama. Itakugeuka. Na wakipita usiwasalimie, maana hawaitiki, na salamu isiyoitikiwa inarudi tumboni, inakaa vibaya."

"Sasa nitazame nini?"

"Magoti. Mimi natazama magoti yangu. Nayajua kuliko wanangu."

"Kwa nini wasiwafukuze tu?"

"Kukufukuza ni gharama," alisema Gundi. "Ukijifukuza mwenyewe ni bure."

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Mke aliamua hataitazama tena saa mpaka mchana. Alipohisi mchana umefika aliitazama, ikawa saa mbili na dakika ishirini na tano. Hakuna aliyemtukana siku ile, hakuna aliyemfokea. Mara mbili kijana mwenye tai alitoka kwenye lifti, akasema, "Mtaitwa," akarudi. Saa kumi alisaini akatoka, na miguu ilimuuma kuliko siku ya kufua mablanketi.

Alipompelekea mumewe chakula, alimkuta amepiga magoti sakafuni, kiti cha Sajini kimepinduliwa mbele yake, misumari midogo mdomoni. Alikuwa anapiga mluzi. Mwanamume aliyelala mahabusu anapiga mluzi!

"Wamenipa nyundo," alisema akitoa misumari. Macho yalimng'aa. "Sajini ana viti vinane. Vyote vimeoza. Ona hii springi, aliyeifunga hii alikuwa adui wa watu."

"Mimi nakalia benchi lako, wewe unajifurahisha."

"Wewe utakaa siku tatu tu," alisema Fundi. "Mimi sikuambiwa ngapi."

Mke alimwachia chakula, akaondoka. Lakini njiani hakuona tena kwamba mumewe ni mjinga, na jambo hilo lilimtisha kidogo.

*

Jumatano saa kumi na moja jioni ujumbe wa amani ulifika kwa mpiga tarumbeta: bibi, mke, Wakili na sukari kilo mbili. Mwenyewe aliwapokea akiwa amevimba mdomo, mkewe kasimama nyuma yake kama mlinzi. Tarumbeta ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

"Jumamosi nilikuwa na harusi," alisema, na herufi zilimponyoka kwenye pengo. "Wameshatafuta mwingine. Miaka thelathini na moja napuliza. Tarumbeta haipigwi kwa fizi."

"Tunakuomba radhi, baba," bibi alisema, na akapiga magoti na miaka yake yote. Mpiga tarumbeta alimwinua haraka.

"Mama, usinifanyie hivyo. Sitaki kupigiwa magoti. Nataka kujua jambo moja tu. Nilimkosea nini? Usiku nakaa nahesabu. Labda nilisimama karibu mno. Labda sauti yangu. Labda suti. Nikijua nilichokosa, nitakiacha. Nisipojua, nitamuulizaje tena mtu saa?"

Hapo Wakili akakohoa. Mke alikifahamu kikohozi kile tangu utotoni, akajaribu kumkanyaga mguu, akamkosa.

"Mzee, tutasema kweli," alisema Wakili. "Shemeji alikufananisha. Kuna mwanamume wa suti ya kahawia anamnyemelea huyu dada yangu. Basi shemeji alipoiona suti, damu ikamchemka. Ni wivu, mzee. Wivu ni nia inayoeleweka hata na mahakimu."

Uongo wenyewe ulikuwa umeshonwa vizuri. Mpiga tarumbeta alianza kuitikia kwa kichwa, kwa nafuu, karibu atabasamu. Hatimaye alikuwa amepigwa kwa ajili ya kitu fulani. Ila Wakili alikuwa amemsahau aliyesimama nyuma.

"Suti ya kahawia," alisema mke wa mpiga tarumbeta polepole.

"Mama watoto..."

"Suti za kahawia ziko ngapi mji huu? Kumbe ndizo harusi za kila Jumamosi! Kumbe tarumbeta inapulizwa nyumba za watu!"

"Mimi huyu mama namwona leo!"

"Na meno yamekwenda hukohuko. Mungu si Athumani!"

Wakili alianza kufafanua kwamba kufananishwa si kushitakiwa, lakini mwanamke alikuwa tayari ameshika sukari, na sukari ikawatangulia wageni nje. Mpiga tarumbeta aliwafuata mpaka kizingitini. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka.

"Mama," alimwambia mke wa Fundi, "uongo wenu umeniletea vita ndani. Mimi si mtu mgumu. Niletee ukweli, hata kama ni mbaya, nitafuta kesi."

"Sina, baba. Wallahi sina. Nakaa palepale anapokaa yeye, siku ya pili leo, na bado sina."

"Wapi huko?"

Akamwelekeza kiwanda. Hakufikiri kwa nini anaulizwa.

*

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na mke aliingia ukumbini na mpango. Atamngoja mkubwa mwenyewe, yule wa ghorofa ya tatu, amwombe barua ya maneno mawili: mtu wetu huyu ni mtu mwema. Barua hiyo angeipeleka kwa mpiga tarumbeta badala ya ukweli. Gundi alimwambia kwamba katika miezi kumi na moja mkubwa ameonekana mara mbili, na mara moja ilikuwa mgongo.

Bahati, au kisirani, saa nane mlango wa lifti ulifunguka na mkubwa akatoka mzimamzima, na wageni wanne. Karani aliruka. Watu kumi na tisa wakasimama, magoti yakalia kama kuni.

"Na hawa," mkubwa aliwaambia wageni, "ni akiba yetu. Sisi hatumtupi mtu."

Wageni walivutiwa. Mmoja, mama wa miwani, aliinama akaibonyeza ngozi ya benchi. "Kazi nzuri sana hii. Nani kashona?"

"Kiwanda," alisema Karani.

"Mume wangu," alisema mke, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Kashona mume wangu, namba kumi na saba. Mzee, yuko mahabusu, naomba dakika moja tu..."

Mkubwa alimgeukia. Alikuwa na uso wa watu wanaolala vizuri. Alimtazama kwa upole, akatabasamu, akainua mkono kuwaaga wote kwa pamoja kama anayepita mbele ya shamba lililolimwa vizuri.

"Poleni na kazi," alisema.

Wageni nao wakasema poleni na kazi. Lifti ikafunga mdomo. Mke alibaki amesimama, maneno yake mkononi, wenzake wakakaa mmoja mmoja. Karani alimnong'oneza kwa ukali kwamba kesho akifungua tena mdomo nafasi itahesabiwa wazi. Mke akakaa. Kwa saa mbili zilizobaki hakutazama saa wala magoti. Alitazama mkono wake wa kulia, na aliona kwamba unatetemeka peke yake, wa kushoto umetulia.

Saa kumi alisaini. Alivuka geti. Barabarani palikuwa na watu wengi wanaokwenda zao, na upande wa pili, chini ya nguzo ya taa, mpiga tarumbeta alikuwa amesimama akimngoja, mdomo umefungwa kitambaa. Mke hakumwona. Aliyemwona yeye ni dobi mmoja, mwanamke wa rika lake, furushi la mashuka kichwani, viganja vimekunjamana kwa sabuni. Wala hawakujuana. Dobi alimwona mwanamke mwenzake anatoka kazini na uso ulioanguka, akamsogezea njia, akamwambia kwa moyo safi:

"Pole na kazi, dada."

Kofi lililia mpaka kondakta mmoja akageuka. Furushi likaanguka, mashuka yakatandika barabara.

"Jamani!" dobi alishika shavu. "Nimekukosea nini?"

Watu wakaanza kukusanyika na kutafuta sababu. Kaibiwa huyo. Kachukuliwa mume. Mke wa Fundi alikuwa amekwisha kupiga magoti katikati yao, anaokota mashuka yasiyo yake, anayakung'uta, anayakunja, analia kwa sauti kama mtoto. "Hujanikosea kitu," alikuwa anasema. "Hujanikosea kitu kabisa."

Mpiga tarumbeta alivuka barabara. Aliinama akaokota foronya moja.

*

Kituoni Sajini alikuwa amekaa juu ya kiti chake kisicholalamika tena, na alikuwa katika furaha kubwa mpaka alipoletewa kesi ya pili ya nyumba moja. Kwenye kona Fundi alikuwa anamalizia kiti cha tano. Alipomwona mkewe anaingia kama mshitakiwa, nyundo ilibaki hewani.

Sajini alitoa fomu mpya. "Tendo, kofi. Sababu?"

"Alinipa pole na kazi," alisema mke.

"Mama, hiyo ni sababu ya kushukuru."

"Afande, nimekaa siku tatu sijashika hata uzi. Sindano yangu imechukuliwa, nina risiti yake hapa. Leo mkubwa wao kashuka, nimemwomba dakika moja, akanipa pole na kazi, akapanda juu. Nikabaki na mkono wangu. Kule juu haufiki. Nikatoka nao mpaka getini, na huyu dada akawa mtu wa kwanza kusimama mahali unapofika." Alimgeukia mumewe. "Mimi siku tatu. Yeye miezi kumi na moja, amekodolea saa ya ukutani, halafu mtu akamuuliza saa."

Sajini alikuna sikio. "Huyo mkubwa alikuwepo eneo la tukio?"

"Hakuwepo."

"Basi siwezi kumwandika."

Mpiga tarumbeta aliyekuwa amesimama mlangoni alisogea mbele, akaomba faili lake lifutwe.

"Umesamehe?" Sajini aliuliza, kalamu tayari.

"Sijasamehe. Nimeelewa."

"Fomu haina nafasi ya kuelewa, mzee. Kuna nimesamehe, kuna sijasamehe."

"Kuelewa hakuoteshi meno, afande. Andika hilo unalotaka." Akatia saini. Kisha akamtazama Fundi kwa muda, na Fundi akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Kesho saa moja angekuwa amekaa kwenye benchi lake, na wote wawili walijua hilo si ushindi wa mtu yeyote.

Sajini alimgeukia dobi kwa matumaini. Alitaka kufunga kazi mapema. "Na wewe, mama? Bila shaka umeelewa."

"Sijaelewa, na sitaki kuelewa," alisema dobi. Shavu lilikuwa bado limevimba, na sauti ilianza kupanda. "Mimi nimesimama kwenye karai tangu kumi na mbili asubuhi. Mwenye nyumba ya wageni kanirudishia mashuka ishirini kwa doa moja la kahawa aliyoimwaga mwenyewe. Kaniita mchafu mbele za watu. Nikasema ahsante. Nikajitwika, nikaja zangu, nikamwona mwanamke mwenzangu kachoka, nikampa pole. Mbona mimi sikumpiga? Huyu ana mkubwa wa ghorofani, na mimi je, nina nani? Nimempiga nani mimi?"

Mke wa Fundi alikuwa amehangaika siku tatu kuitafuta sababu, ameipata, ameileta mpaka mezani kwa askari, na mbele ya mwanamke huyu haikuwa na uzito wowote. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Niambieni! Nimempiga nani?"

"Hujampiga mtu, dada," Fundi alisema kutoka kwenye kona. Lilikuwa neno lake la kwanza lenye maana tangu Jumatatu. "Umetushinda. Mimi na mke wangu, wewe umetushinda."

Dobi alifungua mdomo aipokee sifa hiyo, maana ilikuwa yake na hapewi mara nyingi. Lakini haikumtoka shukrani. Alitazama viganja vyake, vyeupe kwa sabuni, akavifunga, akavifungua.

"Nje," alisema. Kisha kwa sauti ya chini, "Nje, sijawahi kumpiga mtu."

Sajini aliandika neno moja, kalamu ikasimama. Hakuna aliyemuuliza dobi habari za ndani ya nyumba yake. Mke wa Fundi aliinua uso, na wale wanawake wawili wakatazamana kwa mara ya kwanza.

"Chana hiyo karatasi, afande," alisema dobi.

Alikunja mashuka, akafunga furushi, akakataa kutwikwa na mtu. Aliwaambia kwamba wanawe watatu wako peke yao tangu asubuhi, wanamngoja. Alifika mlangoni, akasimama pale akitazama barabara, kama mtu anayeogopa kufika kwake mapema.